Miezi Saba Ambayo Shangazi Hakuimba

Nilipoolewa, chumba chetu kilipakana na cha shangazi yake mume wangu, na kilichotutenganisha ni mbao tu. Kwa hiyo nilimjua kwa masikio kabla sijamzoea kwa macho. Alfajiri nilikuwa namsikia mama mmoja akikohoa na kugombana na jiko lake kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni: "Washa basi. Washa, usinicheleweshe." Baada ya muda kidogo namsikia mama mwingine kabisa anaimba. Sauti pana, nzito chini na laini juu, haina hata mkwaruzo mmoja. Siku tatu nzima niliamini chumba kile wanaishi watu wawili. Siku ya nne nikamuuliza mume wangu yule mgeni wa shangazi ataondoka lini. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumsimulia mwenyewe. Tangu hapo kila nikigonga mlango wake shangazi ananifungulia na kusema, "Karibu, mkwe. Mwenzangu hayupo, ametoka kidogo."

Hakuwa na mwenzake yeyote. Mumewe alifariki mapema na hawakujaliwa mtoto. Mume wangu alichukuliwa naye akiwa wa miaka sita, akalelewa mpaka akawa fundi wa kuchomelea mageti. Shangazi mwenyewe alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, miaka ishirini na miwili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mikono yake ilikuwa na alama za pasi kuanzia kifundo hadi kiwiko, na ukimwuliza hii ya lini, anakutajia mwaka.

Siku moja alisahau miwani yake mezani nikampelekea. Nilikuwa sijawahi kuingia mahali pale. Unafungua mlango wa chuma, mvuke unakupiga usoni, na kuna mashine kubwa nane zinanguruma kwa pamoja, ukuta unatetemeka, sakafu inatetemeka, hata meno yako unayasikia. Nikafungua kinywa kuwaamkia, shikamooni, na mwenyewe sikujisikia. Nikadhani nimesahau kutoa sauti. Hapo ndipo kutoka upande wa mwisho kabisa, kule kwenye meza ya kukunjia, ikaja sauti ya mtu anaimba, inapita juu ya ule mngurumo kama ndege anavyopita juu ya maji:

"Mashukaaa ya wodi ya piiili, hayajakaukaaa."

Na shangazi, akiwa kwenye pasi karibu nami, bila hata kugeuka, akajibu kwa kuvuta vilevile: "Rudisha ndaaani, robo saaa."

Walikuwa hawasemi mle. Waliimba. Mtu akitaka sabuni anaimba, akitaka kwenda msalani anaimba. Hata ugomvi waliuimba. Siku ile nilishuhudia wawili. Mmoja anaimba, "Nani kavaa ndala zanguuu," na mwenzake anamjibu kutoka kwenye mashine ya kukaushia, "Ndala gani nawe ulikuja pekuuu," na wengine wote wanadakia mwishoni kama kwaya. Nilishika mlango kwa kucheka.

Tulipotoka nje shangazi akavaa miwani yake na kunieleza kwa ile sauti yake ya kiti. "Humo ndani ukisema, mashine inakula maneno. Ukipiga kelele, saa nne huna koo. Mimi miaka yangu ya mwanzo nilipiga kelele, ndiyo maana nazungumza hivi. Kuna mama mmoja mzee, ameshastaafu, ndiye aliyetufundisha. Alisema neno usilirushe, livute, lining'inie hewani mpaka mwenzako alidake."

"Mbona ya kuimba haikuharibika?"

"Ya kusema niliitumia vibaya. Hii niliambiwa mapema nikaitunza."

Alirudi nayo nyumbani hiyo desturi, hakuweza kuiacha mlangoni pamoja na aproni. "Mkweee, chumvi imekwishaaa." Majirani walikwishamzoea, wengine wakamjibu kwa kuimba kumtania. Mimi kwa upande wangu nina sauti ndogo tangu utotoni. Shuleni mwalimu alikuwa ananiambia nirudie jibu mara tatu. Shangazi akanipa jina, Kinong'ono, na mume wangu akasema nyumba yetu imepata redio moja yenye vifungo viwili, cha juu kabisa na cha chini kabisa, katikati hakuna.

Kisha akazaliwa mtoto wetu wa kike. Ana alama nyeusi kidevuni kama aliguswa na kidole chenye masizi, tukamwita Kidoti. Mimi nasuka nywele kwenye baraza ya jirani, na wateja wengi huja mchana, kwa hiyo shangazi akitoka kazini anaoga, anakunywa chai, halafu anamchukua mtoto mpaka jioni. Na kila kitu alimwimbia. Kuoga aliimba, uji aliimba, kumvalisha soksi aliimba soksi ya kulia na soksi ya kushoto. Kidoti akiwa wa miezi saba, shangazi akifika tu getini na kuanza "Nimeruuudi," mtoto anaacha kunyonya, anageuza shingo, maziwa yanamchuruzika shavuni. Mimi nacheka na kuona wivu kwa pamoja.

Maana mimi nikimwita hageuki.

Nilisema. Nataka ijulikane kwamba nilisema. Nilimwambia mume wangu, akajibu, "Amekurithi, mkimya." Nilimwambia shangazi, naye akaniangalia kwa huruma ya mzaha. "Wewe Kinong'ono, hata mimi sikusikii. Mtoto anakusikia vizuri, anakuringia tu. Tazama." Akasimama nyuma ya Kidoti, mbali kidogo, akaimba jina lake. Mtoto akageuka mzimamzima, akacheka. "Umeona?"

Niliona. Hata kliniki, muuguzi alipouliza kama mtoto anasikia, shangazi hakungoja nijibu. Alienda nyuma akaimba, Kidoti akageuka, akina mama kwenye foleni wakapiga makofi, na muuguzi akaweka alama kwenye kadi. Ile alama niliitazama nyumbani mara nyingi. Nilijiambia, basi, kumbe tatizo ni mimi, sauti yangu haimpendezi mwanangu.

Alipotimiza miaka miwili hakuwa na neno hata moja. Alikuwa na nyimbo. Anakaa sakafuni na vifuniko vya chupa, anavipanga, na huku anaimba wimbo mzima wa shangazi, kila mpando na kila mshuko mahali pake, lakini ndani yake hamna maneno. Aaa, ooo, eee, aaa. Kama nguo iliyoshonwa vizuri, haina mtu ndani. Wageni walisema huyu atakuwa mwimbaji. Shangazi alisema wengine huchelewa, mume wangu mwenyewe alisema neno la kwanza akiwa na miaka miwili na nusu, na neno lenyewe lilikuwa tusi.

Kilichonitoa gizani ni kijiko. Nilikuwa napika, Kidoti yuko nyuma yangu na paka. Kijiko kikanitoka kikaanguka sakafuni, kikalia ile sauti yake nyembamba. Paka akaruka hadi dirishani. Mtoto hakupepesa hata jicho. Nikakiokota nikakiangusha tena, makusudi. Nikakiangusha mara ya tatu karibu na sikio lake. Kisha nikakaa palepale chini, na mboga ikaungua.

Tulikwenda kwenye kituo cha kupima masikio mimi na shangazi, mume wangu alikuwa na geti la kumalizia. Aliyetupokea ni dada mwembamba, mpole, anaongea huku amekuangalia usoni. Tuliingia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji. Kidoti alikaa mapajani mwangu, spika huku na huku, na kila alipogeukia sauti mwanasesere aliwaka taa. Sauti nzito zikija, anageuka kumtafuta mwanasesere. Nyembamba zikija, anacheza na kifungo cha blauzi yangu.

Yule dada alitutolea karatasi yenye mstari. Ulianzia kushoto kwenye nafasi ya wastani, halafu ukashuka kulia kama ngazi zinazoteremka shimoni.

"Huku kushoto ni sauti nzito," akasema. "Ngoma, gari, mtu akivuta aaa. Hizi zikiwa na nguvu anazisikia. Huku kulia ndiko ziliko nyembamba. Sss, fff, ttt, kijiko kikianguka. Hizi hana kabisa. Na maneno ya mtu anayezungumza yanakaa huku zaidi."

"Mbona mimi ananisikia?" shangazi akauliza. "Tangu mchanga ananisikia. Muulize mama yake."

Yule dada akamtazama kidogo, akachukua simu yake. Ilikuwa na kitu cha kuchora sauti. Akamwomba shangazi aseme, "Kidoti, njoo tule." Shangazi akasema, na kwenye kioo ikatokea michoro mifupi iliyokatikakatika, kama majani makavu yaliyofagiwa vibaya, ya mwisho imefifia karibu kupotea. "Sasa yaimbe hayohayo, kama unavyomwimbia." Shangazi akaimba. Kioo kikajaa. Mistari mirefu, minene, imepangwa mmoja juu ya mwingine kama kamba za kuanikia nguo, ikitikisika kidogo kwa pamoja, na haikufifia mpaka alipofunga kinywa. Nami sikuwahi kudhani sauti ina umbo.

"Mtu akizungumza," yule dada akasema, "irabu anaigusa tu na kukimbia. Haimalizi hata kufumba na kufumbua. Na mwishoni sauti inaanguka, nusu ya neno anaisema kifuani. Ukiimba, irabu inakaa, sauti haianguki, na wewe, mama, una nguvu nyingi hasa huku ambako mtoto anasikia. Kwa hiyo alikuwa anakusikia kweli. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Angekuwa hana wa kumwimbia, mngejua akiwa na mwaka mmoja."

Alisema taratibu, bila ubaya wowote. Lakini nilimwona shangazi anavua miwani, anaifuta kwa kanga, anaivaa, anaivua tena. Akasema ngoja nimnawishe mtoto mikono, akatoka naye.

Tulipobaki wawili yule dada akaniambia neno lingine. Masikio ya aina hii mengine hubaki yalipo, mengine huendelea kushuka. Hakuna anayejua. Tumvishe vifaa vya kusikia haraka, na tuzungumze naye sana, uso kwa uso, mchana kutwa, maana mlango uko wazi sasa na hatujui utafungwa lini. Nikasema nimeelewa. Shangazi aliporudi sikumweleza hayo ya kushuka. Nilijiambia nitamweleza nyumbani.

Nyumbani nilimweleza jambo lingine.

Alikuwa uani anaanua nguo, na kwa mazoea akaanza kumwimbia Kidoti kuhusu nguo za nani ni zipi. Mtoto yuko miguuni pake, uso umeelekea juu kama ua. Miaka miwili na miezi tisa, nami nilikuwa nimesema, na kila niliposema nilichekwa. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yangu ilisikika vizuri.

"Shangazi, naomba usimwimbie tena."

Akasimama na shuka mkononi.

"Ukimwimbia anashiba huko huko. Hatatafuta maneno. Umesikia mwenyewe, kama si kuimba tungejua mapema."

Nilitaka abishe. Angebisha ningelia, tungeelewana. Yeye aliikunja ile shuka pembe kwa pembe, kama anavyokunja za hospitali, akaiweka juu ya nyingine.

"Sawa, mama," akasema.

Hakuniita mkwe wala Kinong'ono. Na akaacha. Hakuacha kwa Kidoti tu. Aliacha kabisa, hata kazini akawa anaashiria kwa mikono. Alfajiri nilikuwa nasikia kikohozi, jiko, kijiko kwenye kikombe, mlango. Jirani mmoja aliniuliza kama shangazi anaumwa. Nilijibu ana uchovu.

Vifaa vilipopatikana, vile vya kuning'inia nyuma ya sikio, Kidoti alikuwa amekaribia miaka mitatu. Nilipunguza wateja. Nilikaa naye ana kwa ana, nikamwonyesha kikombe, kikombe, maji, maji, mpaka ulimi ukanikauka. Baada ya wiki nyingi, siku moja alishika kikombe akasema "aji." Nilikimbia mpaka kwa mume wangu kazini, nikamkuta amevaa miwani yake ya giza ya kuchomelea, nikamwambia amesema maji. Na siku nyingine, siku ya Jumanne, nilimwita kutoka mlangoni kwa sauti yangu hii hii, naye akageuka. Aligeuka mara moja ile tu. Nilisimama pale kama mtu aliyepewa kitu asijue aweke wapi.

Shangazi naye alijitahidi kwa namna yake. Akitoka kazini anachuchumaa mbele ya mtoto na kusema kwa ile sauti ya kukwaruza, polepole, "Kidoti. Habari za leo. Mimi shangazi." Kidoti anamtazama mdomo, anangoja. Alikuwa anangoja sana, nimemwona mara nyingi, mikono ameiweka juu ya magoti ya shangazi, kidevu chake kimeinuliwa, anangoja ile nyingine ianze. Ikishindikana anateremsha mikono na kwenda kwenye vifuniko vyake. Baadaye akawa hangoji. Baadaye zaidi shangazi akiingia, mtoto anainua macho, anamwona, anaendelea na shughuli zake kama mtu aliyemwona mpita njia.

Nilidhani hiyo ndiyo gharama, na kwamba inapungua. Zile nyimbo zake za aaa na ooo pia zilianza kupotoka, zinapanda pasipopaswa, halafu akawa haimbi. Nikamwambia mume wangu ni dalili nzuri, sasa akili yake iko kwenye maneno.

Miezi saba ilipotimia tulirudi kupimwa. Chumba kile kile, mwanasesere yule yule. Alicheza na kifungo cha blauzi yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliinua kichwa mara mbili tu, na zote mbili ni sauti zile ambazo hata mimi nilizisikia kwa kifua.

Yule dada aliweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Hakuhitaji kunieleza.

"Vifaa tumeviongeza mpaka mwisho," akasema. "Huko kwenye maneno hakuna kinachofika tena. Nilitegemea tungepata mwaka zaidi." Kisha akaanza kuandika, na bila kuinua kichwa akauliza, "Yule shangazi bado anamwimbia?"

"Hapana. Tuliacha."

Kalamu ikasimama. "Nani aliwaambia muache?"

Niliinama kumnyoosha Kidoti gauni.

"Mama," akasema, "kuimba hakukuwa kosa. Kilichotuchelewesha ni kwamba kulikuwa na kuimba peke yake, hakuna aliyeangalia upande wa pili. Lakini kile ndicho alichokuwa anasikia vizuri kuliko vyote. Ndicho kingefika mpaka siku ya mwisho." Nadhani hapo aliniona usoni, maana aliinuka akaenda kunichotea maji.

Shangazi nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake anachambua mchele. Nilikaa chini. Nilimwambia yote, pamoja na lile neno la kushuka ambalo niliambiwa mwanzoni nikalifungia. Nilimwambia kwamba katika miezi ile saba mtoto alikuwa bado anaweza kumsikia, na kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Sikutafuta maneno mazuri. Yeye aliendelea kuchambua, anatoa kijiwe anakirusha, anatoa kingine.

"Ulijua yanashuka," akasema.

"Nilijua yanaweza kushuka."

"Ungeniambia, mkwe."

Hilo tu. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaenda uani alipokuwa Kidoti. Mtoto ametupa mgongo, anajenga mnara wa vifuniko. Shangazi akasimama hatua nne nyuma yake, pale pale aliposimama miaka yote kunionyesha kwamba mtoto anasikia. Akakohoa kusafisha koo. Akaanza chini, kidogo, kama mtu anayejaribu daraja. Sauti ilikuwa haijaharibika. Miezi saba hakuitumia na bado ilikuwa nzima, hata mimi niliyeizoea kupitia mbao sikuwahi kuisikia safi hivyo. Akapanda. Akafungua kifua. Madirisha mawili yakafunguliwa, fundi viatu wa ng'ambo ya njia akatoka na kiatu mkononi. Alikwenda mpaka ile sauti anayoitumia kazini, ile inayopita juu ya mashine nane.

Kidoti aliweka kifuniko cha bluu juu ya chekundu. Akasogea nyuma kuangalia kama umenyooka.

Shangazi alinyamaza. Jirani mmoja ambaye hakujua lolote akasema kutoka dirishani, "Ee, afadhali umepona, tulikukosa." Shangazi akamwambia asante. Kisha akazunguka mpaka mbele ya mtoto, akachuchumaa, na Kidoti alipomwona akampa kifuniko kimoja ashike.

Walikubali kumpokea kwenye shule ya watoto wasiosikia alipofika miaka mitano. Ni ya bweni, iko mbali, tunaruhusiwa kumwona mwisho wa mwezi. Mume wangu alimtengenezea sanduku la bati. Lakini kumpeleka nilikwenda na shangazi, yeye mwenyewe aliomba, akachukua ruhusa kazini, ya kwanza kwa miaka mingi. Njia nzima alimpakata.

Mlezi wa bweni ni mama mnene, mchangamfu, ana daftari. Aliniuliza mtoto anakula nini, anakojoa kitandani, ana ugonjwa gani. Nilijibu vizuri. Halafu akauliza, "Ukimwita anaitikia? Kuna sauti yoyote anayoitikia?" Nikamgeukia shangazi.

Shangazi akajibu badala yangu.

"Haitikii," akasema. "Usimshike kwa nyuma, anashtuka na kulia. Pita mbele. Yeye anapenda kukaa chini anaangalia chini, kwa hiyo atakachokiona kwanza ni viatu. Siku hizi za mwanzo vaa viatu hivyohivyo, usibadilishe, atakujua. Ukitaka aje, chuchumaa kwanza ndiyo unyooshe mkono. Ukinyoosha mkono umesimama haji, anadhani unamfukuza."

Yule mlezi alitazama viatu vyake. Vilikuwa raba za kijani zilizochakaa vidoleni. Akaandika.

"Kingine?"

"Akikutazama mdomo sana," shangazi akasema, "usidhani anataka kitu. Anangoja tu. Muache angoje kidogo, halafu mpe kitu cha kushika."

Mlezi akaandika na hilo pia, akafunga daftari, akachuchumaa na kunyoosha mkono. Kidoti aliangalia zile raba kwa muda mrefu, kisha akaenda.